Tope la Shimo la Makumbi

Asalaam aleikum wenye kuitikia hivyo. Bwana asifiwe wenye kuitikia vile. Na nyie mliochoka na jua mkaitikia moyoni tu, nimewasikia pia. Kaeni, kaeni, msinisimamie, mie si mkuu wa mkoa.

Mwenyekiti kaniambia nitoe shukrani zangu kwa ufupi. Ndugu zangu, nawaambia mapema, ufupi sikujaliwa. Shule nimeikalia ile ya kisomo cha watu wazima, nilipojua kuandika jina langu nikaona inatosha, nikarudi zangu kwenye kamba. Lakini mdomo, huo Mungu alinipa bila kupima. Kwa hiyo nyie kina mama wageni, mliojiunga na ushirika wetu wa kamba, mnaotaka kushuka shimoni leo mara ya kwanza, vueni kandambili mkae vizuri.

Mnauona mkono huu? Huu wa kulia. Wa mbele hapo shika, usiogope, hauambukizi. Umeona kovu lilivyopanda mpaka karibu na kiwiko? Na kidole hiki hakikunjiki tena, kimekaa hivyohivyo kama cha shahada. Basi mkono huu ulishapangiwa kukatwa. Ulikuwa ukatwe hapa, juu ya kiwiko, asubuhi, kabla ya chai. Leo ndio huuhuu nimesokotea hiyo kamba mliyofungia hicho kibanda. Sasa nieleze ilikuwaje.

Sie wa huku Mtoni tumezaliwa tukiwakuta mama zetu wanafukia makumbi. Mnajua makumbi, maganda ya nazi. Unayafukia kwenye tope la mkono wa bahari, maji yanapanda, maji yanashuka, miezi inapita, unayafukua yameoza. Unayaponda kwa rungu, uozo unatoka, zinabaki nyuzi safi, ndio usumba huo wa kusokotea. Kabla ya Uhuru kila mwanamke alikuwaga na kishimo chake, na ole wako uonekane karibu na cha mwenzio. Ulipokuja ujamaa tukaambiwa tuungane, tukachimba shimo moja kubwa, lile pale. Mwanzo tuligombana, sitaki kuwadanganya. Kuna mama hapa alikuwa anayafunga makumbi yake na tambara jekundu asije akachanganyiwa. Anacheka sasa.

Na kitu kimoja tulirithi kwa bibi zetu. Ukijikata shimoni, dawa iko palepale. Unachota tope la chini kabisa, lile jeusi linalonuka kama yai viza, unalibandika kwenye kidonda. Linakuwa baridi, damu inasimama, unaendelea na kazi. Bibi yangu alinibandika mie, mie nimewabandika wanangu, na wote wazima. Sijawahi kumuona mtu kafa kwa tope. Kwa hiyo mtu asije akanicheka hapa. Nyie mngekuwa mie, mngebandika.

Sasa, huko juu kwenye mwinuko ilijengwa karakana ya malori. Ya nani, siitaji, na leo wameshajirekebisha. Wakawa wakibadilisha oili ya malori, ile chafu wanaimwaga kwenye mtaro. Mtaro unashuka wapi? Shimoni kwetu. Tukaanza kuona juu ya maji kuna utando unametameta, rangi za zambarau na kijani, unapendeza hasa. Wenzangu wakauliza, hii nini? Mie mwenyewe nikawajibu, si mafuta haya, yatalainisha usumba. Mnasikia akili hiyo? Nikaona tumepata bahati.

Masika ile malaria ilinipiga, nikalala, nikaamka nimebaki macho na meno. Mtu mwenye busara angepumzika. Lakini mie nikikaa nyumbani naumwa zaidi, nikaja shimoni. Nikaingiza mkono kuvuta kumbi, gamba la chaza likanichana hapa, chini ya kidole gumba. Kidogo tu. Shoga yangu alikuwa kando yangu. Simtaji jina, ila mkimuona mtu kajifunika uso na kanga pale nyuma msimtazame sana. Akaniambia lete mkono, akachota tope, akabandika, akanifunga na kipande cha kanga yake. Tukaendelea kupiga soga.

Siku ya pili mkono ukawa wa moto. Ya tatu umevimba kama muhogo uliolowekwa. Mzee wangu, huyo mume wangu, marehemu sasa, Mungu amrehemu, akanikokota hospitali ya mjini, ile kubwa. Wakanilaza. Nikapigwa sindano za penisilini asubuhi na jioni, makalio yakawa kama chujio. Wapi. Mkono unapanda tu. Kwanza kiganja, halafu hapa, halafu hapa. Usaha ukaanza kutoka, na si usaha huu wa kawaida, una ukijani kama maji ya mchicha, unanuka harufu tamutamu ya ajabu mpaka nikaacha kula uji.

Daktari wangu alikuwa kijana, umri wa mwanangu wa pili. Kila asubuhi ananiamkia, shikamoo mama, namwitikia marahaba, ananifungua bendeji, uso unabadilika, anafunga. Ananiuliza nilijikata na nini. Namwambia chaza. Ulipojikata ulifanya nini? Nilifunga kitambaa, nikaendelea na kazi. Ndugu zangu, mie nilikuwa sifichi kitu. Hilo tope halikunijia kichwani kabisa. Mtu akikuuliza jana ulikula nini, utataja wali na samaki, maji utayataja? Tope kwangu lilikuwa kama maji.

Kule maabara nao walichukua usaha wakapima. Majibu yakaja kwamba kuna wadudu, wale wadogo wasioonekana kwa macho, lakini ni wadudu wa udongoni na majini, wanaokaa kila mahali. Wakasema hao hawaumizi mtu, labda wameingia kwenye kichupa kwa uchafu wa kitambaa. Wakawaacha. Wakaendelea kumtafuta mdudu mwenye kesi, na mwenye kesi wamemshika wamemwachia.

Basi ikafika siku homa haishuki, naongea na bibi yangu aliyekufa zamani. Daktari akamwita mzee wangu. Mie nilikuwa nimefumba macho wakadhani nimelala. Daktari akamweleza taratibu, kwamba sumu ikipita bega hatuna la kufanya, na njia iliyobaki ni kuukata mkono. Nikamsikia mzee wangu.

"Mkate mkono, daktari. Kamba nitasokota mie. Yeye atakaa kando ananielekeza."

Mwanaume wa Kizaramo, fundi seremala, mwenye heshima zake barazani, aje akae tope kiunoni katikati ya wanawake tunaotukanana matusi yote ya duniani. Niliona machozi yananitoka hivyohivyo nimefumba macho. Tangu anioe hakuwahi kunisifia hata pilau. Siku ile nilijua kama napendwa. Nikajiambia haya, ukatwe. Ikapangwa kesho yake asubuhi.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo Mungu alipoingia wodini, na aliingia kwenye kikapu.

Jioni saa za kuona wagonjwa shoga yangu akaja. Keshalia huko nje, kajifuta, kaingia anacheka kwa nguvu kama wanavyocheka watu waliotoka kulia. Kaleta uji, kaleta maandazi. Akainama sikioni kwangu. "Mwenzangu, hawa wanakukata kwa sababu dawa ya nyumbani imekuishia. Nimekuletea." Akafunua kikapu. Chini ya maandazi, kopo la maziwa. Ndani ya kopo, tope. La shimoni, la chini kabisa, amelichota asubuhi kwa mkono wake.

Nikamwambia fanya haraka kabla sista hajapita. Naam, hata mie nilikubali. Akafungua kopo.

Wageni, nyie hamjalinusa tope la makumbi, mtalinusa leo. Sasa lifungue kwenye wodi ya wagonjwa, madirisha nusu yamefungwa. Mama wa kitanda cha pili aliyekuwa hajasema neno tangu aletwe, akainua kichwa akauliza nani amekufa. Sista mkuu wa wodi, mwanamke mrefu, kofia nyeupe imesimama kama jogoo, akaja mbio. Akamkuta shoga yangu kashika bendeji mkono mmoja, tope mkono wa pili.

Nilidhani atampiga. Alimwambia maneno, ee, maneno ambayo hata shimoni hatujayafikia. Umekuja kumuua mwenzio, nyie watu wa pwani na uchawi wenu, na mengine. Shoga yangu naye hakubali kushindwa. Akamjibu, uchawi gani, hii ndiyo dawa tuliyombandika siku ile ya kwanza na damu ilisimama papo hapo, nyie na sindano zenu mmefanya nini?

Daktari alikuwa anapita koridoni. Akasimama. Akaingia polepole kama mtu anayemnyatia kuku. Akalitazama lile kopo, akamtazama shoga yangu.

"Mama, umesema siku ya kwanza mlimbandika nini?"

"Hili hili."

"Kwenye kidonda kibichi?"

"Sasa baba, kidonda kikikauka utabandika wapi?"

Yule kijana alikaa kitandani kwangu, kwenye miguu yangu kabisa. Hakumgombeza. Akaliomba lile kopo kwa mikono miwili, kama unavyopokea kitu cha mkubwa, akaondoka nalo yeye mwenyewe. Akarudi akamwambia sista, kesho hatukati. Mkinipa siku mbili, tatu, nitawaambia.

Zile siku ndizo zilikuwa ngumu kuliko zote. Homa inapanda, na sasa kuna tumaini, na tumaini nalo linachosha. Mzee wangu analala nje kwenye ukumbi chini ya ukuta. Shoga yangu kapigwa marufuku wodini, anakaa getini na maandazi yake, anatuma salamu kwa kila anayeingia.

Siku daktari aliporudi alikuwa na visahani viwili vya kioo, kama vya kuwekea kashata. Akaniinamishia. Hiki, akasema, kimetoka kwenye usaha wako. Hiki kimetoka kwenye tope. Vyote vimeota utando, vyote vina ukijani uleule. Akanieleza kwa Kiswahili chepesi, Mungu amzidishie, maana madaktari wengine wanakueleza mpaka unaumwa na kichwa. Alisema hivi. Hawa wadudu kazi yao si kuumiza watu. Kazi yao ni kula vilivyooza. Ndio hao hao na jamaa zao wanaowaozeshea makumbi yenu. Mtu mzima wa afya wanampita kama upepo. Ni mara chache sana, mwili ukiwa umechoka, kama wako na ile malaria, na mlango umefunguliwa na chaza, halafu mwenyewe umewakaribisha ndani na kufunga mlango kwa kitambaa, ndipo wanakosea njia. Wakishaingia, penisilini kwao ni maji ya kunywa. Maabara wameshajaribu, kuna dawa nyingine wanayoiogopa.

Dawa ile haikuwepo wodini, wakaizungukia mpaka ikapatikana. Sindano zake zilinifanya masikio yalie kama nyenje, na hili sikio la kushoto mpaka leo ukinisemea siri unapoteza muda wako. Sijali. Homa ilishuka. Asubuhi moja nikaamka nina njaa, nikaomba uji na maandazi. Sista mkuu, yule wa kofia ya jogoo, akatoka mwenyewe mpaka getini, akamshika mkono shoga yangu, akamleta mpaka kitandani kwangu. Hakumwomba radhi kwa mdomo. Alimpa kiti chake akalie. Tangu hapo wakawa marafiki mpaka mie nikaona wivu.

Mnadhani imeisha? Tulieni, nusu ya shukrani bado.

Nilipopona, wenzangu hapa walishaamua shimo lifukiwe. Lina wadudu, lina laana, tutafute pengine. Nikamwambia daktari, akashangaa. Akaja Mtoni siku yake ya mapumziko, na mwenzake mmoja, mtaalamu wa udongo. Wakashuka shimoni wamekunja suruali, kina mama tunawacheka miguu ilivyo myembamba. Yule wa udongo akachota tope, akanusa, akasugua vidoleni. Akauliza hii oili inatoka wapi. Tukamwonyesha mtaro.

Basi akatuambia jambo lililotuacha midomo wazi. Kwamba katika ukoo wa wadudu hawa wamo wanaokula hata oili. Kwa hiyo pale shimoni walishakutana na karamu, labda ndiyo maana walikuwa wengi hivyo, hakutaka kuapa. Lakini chini ya maji wanakosa hewa, wanakula taratibu mno, na sie tunaongezewa oili kila wiki. Tukitaka tope letu lipone, tuwasaidie kula. Kwanza mtaro wa karakana uzibwe. Hilo mwenyekiti na balozi wetu wa nyumba kumi walilishikia bango, wakapanda karakana mara nyingi, mpaka wenyewe wakachimba shimo lao na mapipa. Pili, tope jeusi tulitoe, tulitandaze juu ya nchi kavu kwa mbali na visima, tulichanganye na samadi, tulilowanishe, na kila wiki tuligeuze kwa jembe lipate hewa.

Ikawa kila Jumamosi ya kujenga taifa sie tunalima oili. Watu wakipita wanatuuliza, kina mama, mmepanda nini? Tunawajibu petroli. Kuna mzee mmoja aliamini, akaja na chupa yake. Na safari hii tulivaa mabuti, na mwenye kidonda hakugusa, alikuwa anapika chai. Samadi tuliifuata kwenye mazizi ya ng'ombe, tunabeba vichwani tunaimba.

Mwezi wa kwanza harufu ileile. Wa pili, kuna mama akasema tunafanywa wajinga. Masika ikapita, kiangazi kikaja, siku moja tunageuza nikashika udongo, na glavu, msinitazame hivyo, nikausogeza puani. Ukanuka shamba. Udongo tu, wa kawaida, wa baada ya mvua. Yule mtaalamu akaja akapima, akasema bado kidogo hapa na hapa, lakini mmefaulu. Zile nyasi mnazoziona pale hakuna aliyezipanda. Shimoni nako maji yakarudi kuwa maji, na makumbi tuliyofukia baada ya pale yalitoa usumba mweupe ambao hatujawahi kuuona.

Kwa hiyo mie nasimama hapa kushukuru. Namshukuru Mola aliyeumba vidudu visivyoonekana na akavipa kazi kubwa kuliko yangu. Namshukuru yule kijana daktari, ambaye angeweza kulitupa lile kopo dirishani na hakuna ambaye angemlaumu. Watu wa maabara. Sista. Wakwe zangu waliokuwa wananiletea chakula bila kunung'unika, au walinung'unika njiani, mie sikusikia. Mzee wangu, niliyemcheka mpaka kufa kwake kwamba alikoswakoswa na kazi ya wanawake, naye akawa anajibu kamba yake ingekuwa bora kuliko yangu. Na wewe uliyejifunika kanga huko nyuma. Ulinibandika tope kwa mapenzi, ukanirudia na tope kwa mapenzi. La kwanza liliniangusha, la pili likaniinua, na mie nimekushukuru kwa yote mawili, maana mkono wako ni uleule.

Funzo langu ni dogo. Tope msilichukie. Ndilo linalotulisha, na uchafu wa watu wengine linaumeza likakurudishia udongo. Lakini kila kiumbe na makao yake. Kidonda kioshe kwa maji safi na sabuni, kifunike, na ubaki juu. Na ukifika kwa daktari mwambie yote, hata lile unaloliona si kitu, hata lile la aibu, hata la bibi yako. Yeye hawezi kulitafuta asilolijua.

Haya, nimemaliza, mwenyekiti asinikazie macho. Wageni, kabla hatujashuka, nyoosheni mikono yote niikague. Juu, juu, vidole wazi. Mashaallah. Huyu mzima, huyu mzima, huyu kucha zake kazimaliza kwa kuzitafuna, mzima.

Wewe mwenye kanga ya njano, huo mwingine mbona umeuweka mgongoni? Njoo huku mwanangu. Njoo, hakuna atakayekusema. Leo wewe utakaa na mie hapa juu nikufundishe kusokota.